Yowe Halina Watazamaji

Mimi kukaa siwezi. Nawaambia mapema, ili mkiniona napitapita nyuma ya viti vyenu wakati wa mazoezi msidhani nimetumwa kuwapeleleza. Nimestaafu, kikundi nimemkabidhi Kabula mbele ya watu, soda zimenywewa na picha zimepigwa, lakini miguu yangu haikuhudhuria sherehe ile. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa jozi ya viatu, na kila akiamka anakuta viatu vimeshaondoka.

Kabula ameniomba niwaeleze kidogo kuhusu kazi ya kuongoza maigizo hapa kwetu Bariadi, na hilo neno "kidogo" amelisema mara mbili. Namfahamu huyo. Nimemlea kwenye kazi hii tangu alipokuwa hajui kutoka jukwaani bila kujikwaa. Nitasema ninavyotaka.

Jambo la kwanza, usiangalie jukwaa. Waigizaji umeshawaona kwenye mazoezi mpaka umewachoka, wana jipya gani? Simama nyuma ya watu uangalie miguu yao. Mtu anaweza kukuchekea usoni kwa adabu huku vidole vya miguu vimeshaelekea nyumbani. Wanawake wakianza kufunga upya khanga, ujue muda wako umekaribia kwisha. Mwanamume akiitoa baiskeli kwenye stendi, huyo umeshampoteza, usihangaike naye, angalia jirani yake.

Haya sikuyajua nilipotoka chuoni. Nilisomea sanaa huko Pwani, wakanifundisha kwamba taa zinazimwa, watu wananyamaza, na mwisho wanapiga makofi. Nikarudi Simiyu na cheti changu na skafu shingoni kwenye jua hili la kwetu, nikakusanya ndugu na majirani, nikaita kikundi. Onyesho letu la kwanza lilikuwa Dutwa, siku ya mnada. Hakuna aliyenidokeza kwamba uwanja ule ule kulikuwa na kikundi cha ngoma kimealikwa. Na nyie mnajua, kwetu ngoma mbili zikikutana uwanja mmoja watu ndio mahakimu, na hukumu yao hawaiandiki popote. Wanahama. Anayebaki na watu ndiye mshindi.

Basi nilipofika kwenye maneno niliyoyapenda kuliko yote, maneno niliyoyaandika nikiwa nalia, watazamaji wangu walisimama, wakajipangusa vumbi, wakavuka kwenda upande wa pili. Hawakuwa na chuki, walikwenda tu. Tulimalizia mchezo mbele ya mbuzi na mama mmoja aliyekuwa amelala. Nikaenda kulia nyuma ya basi.

Manju wa ile ngoma alikuwa mzee Luhende wa Migato. Alinifuata jasho likiwa bado linamtiririka, akasimama kidogo pembeni kama mtu aliyekuja msibani.

"Mwadila, mayu," akanisalimu, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma. "Watu wako sijawaiba. Umewakalisha mpaka wamechoka."

Nilikasirika hata salamu sikuitikia. Lakini wiki iliyofuata nilipanda baiskeli mpaka Migato, nikamwomba anifundishe, naye akanibebesha ngoma zake msimu mzima. Alikuwa mwalimu mgumu, na si kila alichosema kilikuwa kweli. Alishikilia kwamba anayekula maharage siku ya kucheza anapoteza sauti, nikawanyima waigizaji wangu maharage miezi kadhaa, mpaka siku nilipomfuma mwenyewe nyuma ya nyumba ana bakuli zima. Ila kuhusu watu na namna wanavyosimama na kukaa, sijapata kumwona mwingine kama yeye.

Kwake ndiko nilikojifunza kwamba maneno hayakaririwi mtu amekaa. Waigizaji wangu walikariri wakichuma pamba, wakipepeta mchele, wakiziba pancha. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unaacha kujidai. Nyie siku hizi mnakariri kwenye viti vya plastiki, simu mkononi, mguu juu ya mguu, halafu jukwaani mnashangaa mikono haijui iende wapi. Simu sina ugomvi nayo. Nina ugomvi na kile kiti.

Na jua liwe mgongoni kwa watazamaji, machoni kwa waigizaji. Mtazamaji anayekunja uso kwa jua hamsadiki mtu. Mwigizaji anayeukunja, watu wanadhani ana uchungu.

Sasa niwaeleze habari ya Holo, maana ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Holo alikuwa anauza vitumbua stendi ya Bariadi. Nilimchukua kwa sababu nilimsikia akigombana na kondakta, nikaona stendi nzima imeacha shughuli inasikiliza. Alikuwa mchelewaji, mwenye mdomo, na hakuna wiki iliyopita tusikwaruzane. Lakini akisimama mbele ya watu, hakuna baiskeli iliyoguswa.

Tukatengeneza mchezo wa wizi wa ng'ombe. Mama, ambaye ni Holo, anatoka ndani, anakuta zizi liko wazi na ng'ombe wanaswagwa kwenda mbali, anapiga yowe. Hapo ndipo penye jambo. Yowe, au mwano kama tunavyoliita nyumbani, kwetu lina sheria yake. Likipigwa, kila anayelisikia anaacha alichoshika, anachukua fimbo, anakimbilia sauti ilikotokea, na huku anakimbia naye analipiga ili kijiji cha mbele kisikie. Asiyekwenda ana kesi. Anayelipiga pasipo jambo ana kesi kubwa zaidi.

Kwenye mazoezi Holo hakulipiga hata siku moja. Akifika pale alikuwa anasema tu, "Hapa napiga yowe," kisha anaendelea na maneno yanayofuata. Tukaona sawa. Tulijua siku ya onyesho atatoa kale ka jukwaani, kasikovuka uwanja. Na kuuarifu uongozi wa kijiji kabla, hakuna aliyekumbuka. Karibu wote tulikuwa Wasukuma, sheria ya mwano tumeinyonya pamoja na maziwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba inatuhusu. Tulidhani anayeigiza yuko nje ya sheria.

Onyesho lilikuwa Migato, pamba ikiwa imeanza kuuzwa, mbele ya ghala la pamba la kijiji. Mzee Luhende alituazima ng'ombe wake wawili. Mwizi alikuwa Juma, mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale Bariadi mjini, kijana mzuri wa sura, fundi wa maneno, na mwoga wa ng'ombe kupita kiasi. Aliwaswaga kwa kusema "shuu, shuu" kama anafukuza kuku kwenye mtama. Watu wakacheka mpaka wakashikana. Nilikuwa nyuma kama kawaida yangu, nimefurahi, miguu yote imetulia.

Yule ng'ombe mwekundu mwenye tumbo jeupe akasimama, akageuka, akamtazama Holo. Holo akafungua mdomo.

Nyie hamjasikia yowe lile, na siwezi kuwaigizia. Kicheko kilikatika. Miguu niliyokuwa naitazama iligeuka yote kwa pamoja. Wanawake waliokuwa majumbani wakalipokea, wakalipokea wa ng'ambo ya bonde, kisha nikalisikia mbali kabisa, linapokelewa na watu ambao hawakujua kwamba kuna mchezo. Wakaja. Walikuja na fimbo, na pinde, na baiskeli zisizo na breki. Alikuja mwanamume mwenye ndevu zilizonyolewa upande mmoja, upande wa pili bado una sabuni. Alikuja mama ameshika mwiko wenye ugali. Na wote walikuwa na swali moja, mwizi yuko wapi.

Juma hakungoja aonyeshwe kidole. Alichomoka, akaingia ghalani, akazama kwenye rundo la pamba.

Niliogopa, vijana wangu. Waliokuwapo tangu mwanzo walianza kuelewa kwamba ni mchezo, lakini waliokuwa wanafika walikuwa wengi kuliko wao, na mtu aliyekimbia njia yote ile hataki kuambiwa mambo ya sanaa. Siku hizo mzee Luhende alikuwa ameachia ngoma vijana, yeye ni kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Akapuliza filimbi, akawaketisha wote mbele ya ghala. Nikamsalimu kama mwanafunzi wake. Akaniitikia "mama mwenye kikundi", na hapo nikajua kwamba leo hatujuani.

Wengi wakataka tutengwe. Mtu wa mjini akisikia kutengwa anadhani ni kununiwa. Kwetu ukitengwa hupewi moto wala maji, husalimiwi, huuziwi hata chumvi, na habari zako zinafika kijiji cha mbele kabla yako. Kikundi chetu kilikuwa kinaishi kwa kwenda vijijini. Tungetengwa Migato, kabla msimu haujaisha tungekuwa tumetengwa wilaya nzima ya Itilima, na mimi ningerudi kwa mama yangu na ile skafu yangu.

Luhende akauliza nani amepiga. Holo akasimama. Mzee akamuuliza ng'ombe walioibwa ni wa nani. Nikasimama nimjibie, Luhende akaniambia nikae. Nikachuchumaa, ndiyo adabu niliyoiweza.

"Ni wa mama yangu," Holo akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika. "Nilikuwa mdogo. Walikuja mchana, wakafungua zizi. Mama alipiga mwano mpaka sauti ikakatika. Hakuja mtu, baba. Na walisikia, kwa sababu kesho yake walikuja kutupa pole. Leo huyu ng'ombe amegeuka kuniangalia, nami nikapiga kama alivyopiga mama."

Akamtazama yule mwenye sabuni shavuni. Akamtazama yule mama wa mwiko.

"Leo mmekuja."

Miaka yote niliyokuwa naye hakuwahi kunisimulia habari hiyo. Nilishindwa kumtazama, nikawa natazama chini, naona miguu ya watu imetulia kama ya watu walio kanisani. Na katika ukimya ule, rundo la pamba likapiga chafya.

Vijana wakaingia wakamtoa Juma. Alikuwa mweupe hadi kope. Alipoziona zile fimbo akili ikamruka, mdomo ukaanza kutoa maneno aliyoyakariri, lakini ya mchezo mwingine kabisa, ule wa posa. Akapiga magoti mbele ya sungusungu, pamba masikioni, akasema, "Wazee wangu, nimekuja kuomba mke." Aliyeanza kucheka ni yule mama wa mwiko. Kicheko kile ndicho kilichomwokoa, si mimi.

Luhende aliwaacha wacheke mpaka waishe. Kisha akasema mwano ukishatoka haurudishwi mdomoni, unamalizwa. Hatutatengwa, ila watu hawa hawawezi kurudi makwao mikono mitupu. Walikuja kurudisha ng'ombe, basi ng'ombe warudishwe. Akawashika mwenyewe, maana kwa Juma wasingefika popote, na umati wote ukawafuata kuanzia pale ghalani mpaka zizini kwake, wanaimba, Juma mbele amefungwa mikono kwa khanga. Holo ndiye aliyefungua zizi. Ng'ombe walipoingia, yule mwanamume wa ndevu za upande mmoja alimwendea, akampa mkono, akampa pole ya mama yake. Kisha mwingine, kisha mwingine, wakapanga foleni. Holo alilia ameshika mti wa zizi. Nami nililia, nasema wazi. Mwisho ule ni mzuri kuliko yote niliyowahi kuongoza, na sikuutunga mimi.

Wakati wa kuagana Luhende alirudi kuwa mwalimu wangu.

"Yowe halina watazamaji, mayu," akaniambia. "Likipigwa, kila mtu anasimama. Na wewe unayewasimamisha, uwe unajua unawapeleka wapi."

Maneno hayo nimekula nayo miaka yote. Mchezo wowote unaoutengeneza, hata wa kuchekesha, jiulize hilo. Kumsimamisha mtu si kazi kubwa, hata moto unamsimamisha. Kazi ni pale ameshasimama, anakuangalia.

Adhabu yetu ilikuwa kwenda Migato kila mwaka baada ya mavuno, tucheze bure. Tulikwenda hadi Luhende alipofariki, tukaendelea kwenda. Ule mchezo wa ng'ombe tuliucheza vijiji vingi, lakini tukifika kwanza tunakwenda kwa uongozi wa kijiji kuomba ruhusa ya yowe, na Holo akilipiga watu wote wanainuka tunakwenda nao zizini. Miguu yake ilipomgomea, mchezo nikaufungia. Sikumwona mwingine wa kulipiga.

Mwaka huu Kabula ameufungua.

Ameufanyia ukumbini, hapa mjini, kwenye viti vilivyopangwa mistari. Nilipomuuliza nani atapiga yowe, akaniambia litatoka kwenye spika. Nilipandisha hasira, siwafichi. Nikamwambia spika haijawahi kuibiwa ng'ombe. Nikamwambia mengine pia. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mama, kikundi ulinikabidhi au uliniazima?"

Nikarudi nyumbani, nikafua mapazia yaliyokuwa safi.

Sikuwa naogopa kwamba mchezo utakuwa mbaya. Kabula anaijua kazi. Nilikuwa naogopa kwamba watu wa mjini watalisikia yowe wamekaa, wanatafuna karanga, na mama yake Holo atakuwa ameita tena na hakuja mtu, safari hii kwa jina la kikundi changu. Wazo hilo lilininyima raha wiki nzima. Nilikuwa nafika sokoni nimesahau nilichofuata.

Siku ya onyesho nilikwenda nyuma kama nilivyozoea. Kabula akanifuata, akanishika mkono mpaka mbele, katikati kabisa, kwenye kiti chenye karatasi ya jina langu. Nikamwambia mimi husimama. Akasema mgeni wa heshima hukaa. Nikakaa, magoti yanatetemeka kama injini ya bodaboda iliyowashwa ikaachwa. Mchezo ukaenda vizuri. Zizi likafunguliwa. Spika ikakwaruza kidogo.

Ilikuwa sauti ya Holo. Imechakaa, imekatika katikati, lakini ni yake. Kumbe Kabula alikwenda mpaka Binza, kule Maswa, anakoishi kwa binti yake, akamrekodi kwa simu bila kuniambia.

Hakuna aliyesimama. Niligeuka nikaona simu zimeinuliwa, zinachukua video ya mtu anayeibiwa. Sikufikiri. Nilishtukia nimeshasimama, na mimi mwili wangu mnauona, nikisimama nasimama kweli.

"Bibi, kaa basi," kijana wa nyuma yangu akasema, kofia ya bodaboda iko mapajani. "Hatuoni."

"Simama, mjukuu wangu," nikamwambia. "Utaona."

Akasimama, na kumbe ni mrefu. Wa nyuma yake wakawa hawaoni, wakaguna, wakasimama. Na wa nyuma yao. Ukaenda hivyo mstari kwa mstari mpaka ukutani, ukumbi mzima umesimama, na Holo bado analia kwenye spika. Mtu akiwa amesimama na wenzake, na sauti ile inamwita, hawezi kubaki na simu juu kwa muda mrefu. Zikaanza kushuka. Nikatazama chini, nikaona miguu inatafuta pa kwenda.

Nikajisemea, haya Kabula, umewasimamisha, sasa unawapeleka wapi? Nikamtafuta. Alikuwa kwenye mlango wa pembeni, ameshaufungua wote, na nje uani kuna ng'ombe wanangoja na mtu wa kuwaswaga. Alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu kama mwizi. Hapo ndipo nilipokielewa kile kiti cha mbele. Huyu mtoto aliniweka pale akijua kabisa kwamba kukaa siwezi.

Asubuhi nilipanda basi la kwanza kwenda Maswa. Holo alikuwa kwenye mkeka, anachambua mchele, miguu ameinyoosha. Hakunisalimu. Aliuliza hata sijavua viatu.

"Dada, walikuja?"

"Walikuja," nikamwambia. "Wote."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele, na baadaye kidogo akaniambia nikae. Nikakaa. Sikumwambia kwamba wa kwanza walisimama kwa sababu kuna bibi aliyewaziba. Hilo nimewaachia nyie.